Hatuna Mtu

Siku gari lilipofika, maneno ya kwanza tuliyoyasikia kutoka ndani yake yalikuwa ya Kijapani.

Lilishushwa kwenye lori la kubeba magari Jumamosi asubuhi, Oktoba 2024, kwenye uwanja wa gereji moja pembeni mwa Coventry. Hiace nyeupe, ya petroli, mlango wa pembeni wa kusukuma, nyuma tupu kabisa. Ba'mdogo aliingia, akafunga mlango taratibu, akazungusha ufunguo. Sauti ya mwanamke ikasema sentensi moja ndefu, kwa upole, ikanyamaza.

Ba'mdogo alicheka mpaka akalalia usukani. "Umemsikia? Kumbe hata Uingereza anasema!"

Kama umekulia Afrika Mashariki, mwanamke huyo unamjua. Yumo kwenye IST ya jirani, yumo kwenye Noah ya kukodi, yumo kwenye gari la mwalimu mkuu. Nilipokuwa mdogo tulidhani anatusalimia, na wengine tulikuwa tunamwitikia. Nimekuja kujua ukubwani kwamba anachosema ni kuwa kadi ya kulipia barabara haijawekwa. Miaka yote hiyo alikuwa anatuuliza kadi.

Ba'mdogo ni mdogo wake baba, wamefuatana. Yuko Uingereza tangu 2013. Usiku anafanya kazi kwenye bohari, na mwisho wa wiki mama mdogo anapika, yeye anabeba: pilau, biriani na sambusa za harusi na hitima za Waswahili wa Coventry, Northampton na Milton Keynes. Kwa miaka mingi alibeba kwa gari dogo la nyumbani, sufuria kubwa likiwa limekaa siti ya mbele na kufungwa mkanda kama abiria. Alihitaji gari la mizigo, na magari ya mizigo hapa yamejaa tele. Lakini alitaka Hiace, na Hiace ya namna ile huikuti kwenye maduka ya magari ya Uingereza.

"Mimi na baba yako tumekula kwa Hiace," alisema. "Tumeoa kwa Hiace. Leo ninunue nini?"

Alikuwa na hoja nyingine pia. Barabara za hapa humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu isigande, na chumvi hula magari kuanzia chini. Japani, alisema, ukichagua vizuri unapata gari ambalo tumbo lake bado linang'aa. Kwa hiyo akanunua mnadani kupitia kwa wakala, akangoja meli ifike Southampton, kisha usiku mmoja akanigongea mlango wa chumba cha juu nilichokuwa nakaa. Nilikuwa na wiki chache tu tangu nianze shahada ya uzamili ya takwimu za afya.

"Mama," aliniita. Mimi ni wajina wa bibi, yaani mama yake, kwa hiyo hajawahi kuniita kwa jina lingine. "Wewe si msomi? Hebu zisome hizi."

Akaniwekea bahasha juu ya kitanda.

*

Nilizisoma. Nilikuwa nimetoka tu kwenye karatasi zangu mwenyewe: kipimo cha kifua kikuu, barua ya benki, barua ya chuo. Nilidhani nimezoea.

Kwanza, ndani ya siku 14 tangu gari liingie nchini, mamlaka ya kodi iarifiwe kupitia mfumo unaoitwa NOVA. Bila hiyo taarifa hakuna usajili. Kuna ushuru wa forodha, na baada yake VAT ya asilimia 20, ambayo hupigwa juu ya bei ya gari, nauli ya meli, na ushuru ule ule uliokwisha kulipa. Ba'mdogo aliupitia mstari huo mara mbili. "Kodi juu ya kodi," alisema. "Hata huku?"

Pili, ukaguzi wa IVA, ambako gari moja linathibitishwa lenyewe, peke yake, kwamba linakidhi sheria za barabara za Uingereza. Gari jepesi lililotengenezwa zaidi ya miaka 10 iliyopita halihitaji ukaguzi huo. Linakwenda moja kwa moja kwenye ule wa kawaida wa kila mwaka, MOT. Nikatafuta mwaka wa gari letu. Cheti cha zamani cha Japani kilikuwa kimeandika Heisei 28. Wenyewe wanahesabu miaka kwa enzi ya mfalme, na Heisei ya kwanza ilikuwa 1989. Nikajumlisha. Ni 2016. Gari lilikuwa na miaka minane.

"Ungenunua la miaka kumi na moja, Ba'mdogo, hatua hii yote tungeiruka."

"Nilikuwa natafuta jipya," alisema, na sauti yake ilinifanya nijutie kusema.

Tatu, hiyo MOT yenyewe, kwa sababu gari limezidi miaka mitatu. Nne, bima, iliyokatwa kwa namba ya chasisi maana gari halina namba nyingine. Tano, fomu ya V55/5, iliyojaa visanduku, itumwe kwa posta mpaka Swansea, Wales, pamoja na vyeti vyote, pauni 55 za usajili wa mara ya kwanza, na kodi ya barabara. Ukishindwa kuthibitisha umri wa gari, linaweza kupewa namba inayoanza na herufi Q, na kila anayejua magari akiiona anajua kuwa asili yake ina maswali. Na mpaka yote hayo yaishe, gari haliruhusiwi kukanyaga barabara, isipokuwa kwa safari ya ukaguzi uliokwisha kupangiwa tarehe.

Ba'mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kwenye magoti. Kisha akauliza, "Na hatuna mtu?"

Sihitaji kukueleza mtu ni nani. Mtu yuko ndani. Mtu anamjua bosi. Ukiwa na mtu, foleni si yako, na faili lako haliwezi kupotea. Nilicheka, nikasema hatuna. Naye akacheka. Nilidhani anatania.

*

Baba alikuwa na Hiace. Ilikuwa kuukuu hata alipoinunua, na ilipiga njia ya Mombo kwenda Lushoto. Aliyepita njia ile anaijua: ni kilomita zaidi ya 30 za kona, mlima upande mmoja na bonde upande mwingine, unapita Soni ukisikia maji. Kupanda, gari linachemka. Kushuka, kazi yote ni ya breki.

Mwaka 2012, nikiwa kidato cha kwanza, Hiace ya baba ilikatika breki ikishuka, chini kidogo ya Soni. Baba aliamua kuibamiza kwenye ukuta wa mlima badala ya kuiachia bonde. Abiria wote walitoka hai. Shabani, konda wake, kijana wa mtaani kwetu mwenye miaka kumi na tisa, alikuwa amesimama mlangoni, na mlango ulikuwa upande wa mlima. Mguu wake wa kushoto ulikatwa juu ya goti.

Kioo cha mbele cha gari kilikuwa na stika ya ukaguzi ya mwaka ule, mpya kabisa. Gari lilikuwa halijakaguliwa. Hilo nililisikia kupitia ukutani, usiku, mama akimwambia baba kwa sauti ya chini kuliko kelele yoyote niliyowahi kuisikia: "Karatasi ya kubandika. Mguu wa mtoto wa watu kwa karatasi ya kubandika."

Baba hakujibu. Hakujibu usiku ule, wala hajajibu tena. Aliuza chuma chakavu, akampa mama yake Shabani fedha yote, akafungua genge. Hajashika usukani tangu siku hiyo. Shabani naye sasa ana kibanda cha kutuma fedha kwa simu karibu na stendi ya Mombo, na kila nilipopita kwenda shule alikuwa ananiuliza, "Mzee hajambo?" Nilikuwa naitikia nikitazama chini.

Kwa miaka kumi na mbili nilikuwa na uamuzi wangu kuhusu baba. Sikuwahi kumwambia mtu. Nilimpenda, nilimpigia simu kila Ijumaa, na nilijua kwamba alinunua stika.

*

Fundi wetu alikuwa Msomali mmoja mpole, mwenye gereji ile ambako gari lilikuwa linalala. Kazi zilikuwa mbili kubwa. Spidomita ya Japani inasoma kilomita tu, na hapa barabara zinahesabiwa kwa maili. Tukaagiza uso mpya wa spidomita na kifaa cha kubadilisha hesabu. Ya pili ilikuwa taa ya ukungu ya nyuma. Japani hawalazimishi kuwa nayo, hapa ni sharti: taa nyekundu kali ya kumwonyesha aliye nyuma yako mahali ulipo wakati ukungu umetanda, na kitaa kidogo kwenye dashibodi cha kumkumbusha dereva kwamba ameiwasha.

Nilikwenda gereji kila Jumatano baada ya kipindi cha mwisho. Nilijifunza kutafuta alama ya herufi E kwenye kioo cha taa, inayoonyesha kuwa taa yenyewe imeidhinishwa. Nilijifunza kuikwangua namba ya chasisi isomeke. Ba'mdogo alikuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, macho mekundu, akiwa na chapati kwenye mfuko wa nailoni. Alilisafisha gari lile kama anaandaa mtoto wa shule.

Siku ya IVA ilikuwa Desemba, baridi ya kukata masikio. Mkaguzi alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alilizunguka gari kwa muda mrefu bila kusema. Alivuta mikanda. Alilala chini. Alipima hiki na kile, akaandika. Mwishoni akatuita nyuma ya gari, akawasha taa ya ukungu, akatuonyesha.

Ilikuwa imefungwa upande wa kushoto.

Nchi zinazoendesha kulia huiweka kushoto. Hapa, kama ni moja tu, lazima iwe katikati au upande wa kulia, upande wa dereva, ambao ndio ulio karibu na katikati ya barabara. Fundi alifuata picha ya gari la Ulaya bara, na mimi, msomi, niliyesoma mwongozo kurasa zote, sikuwa nimeangalia upande. Kila kitu kingine kilikuwa sawa. Tumefeli.

Nilimwona Ba'mdogo akiitazama ile taa. Nilimwona akitia mkono mfuko wa ndani wa koti, mahali anapoweka pochi. Mwili wangu wote ulikaza. Mkono ulikaa mle ndani kwa muda, halafu ukatoka na leso. Akajifuta pua.

"Asante sana," alimwambia mkaguzi kwa Kiingereza. "Tutarudi."

*

Tulirudi kimya. Karibu na Coventry aliingia kituo cha mafuta, lakini hakushuka kujaza. Alizima injini, akabaki ameshika usukani.

"Ile stika," alisema. "Ya kaka."

Sikusema kitu.

"Mimi ndiye niliyekwenda kuichukua. Kaka alitaka apeleke gari likaguliwe siku ya Jumatatu. Breki zilikuwa zinalia, akasema acha wazitazame. Mimi nikamwambia utapoteza siku nzima ya kazi, na ada ya shule hujalipa. Nikamwambia, nina mtu."

Malori yalikuwa yanapita barabarani, na kila likipita Hiace ilitikisika kidogo.

"Ada ya nani?" niliuliza, ingawa nilijua.

"Yako, Mama."

Akaeleza mengine kwa vipande. Kwamba baba alibisha, kisha akachoka kubisha. Kwamba baada ya ajali yeye, Ba'mdogo, alikaa miezi akingoja kaka yake amtaje, kwa polisi, kwa mama yake Shabani, kwa mkewe, na kaka yake hakumtaja popote. Mwaka uliofuata safari ya Uingereza ikapatikana, akaondoka. Fedha anayotuma Mombo kila mwezi, nusu inakwenda kwa baba na nusu inakwenda kwa Shabani, na Shabani anaamini inatoka kwa baba.

"Leo pale nyuma ya gari," alisema, "mkono ulikwenda wenyewe."

Nilitaka kumkasirikia. Nililitafuta neno, na kila nililolishika lilikuwa neno nililokuwa nimemwekea baba kwa miaka kumi na mbili, bila yeye kujua, nikimsalimia kila Ijumaa. Nikasema tu, "Tujaze mafuta, Ba'mdogo. Kuna baridi."

Tulijaza. Alipowasha gari, mwanamke wa Japani akauliza kadi yake, na safari hii hakuna aliyecheka.

*

Fundi aliihamisha taa bila kutulipisha. Marudio ya ukaguzi yalichukua muda mfupi. Mzee yule yule aliinama, akaiona taa upande wa kulia, akatikisa kichwa kukubali. Tukapewa cheti. Nilitazama kama mkono wa Ba'mdogo utaelekea tena kwenye koti. Alikuwa ameiacha pochi kwangu.

Kisha ikaja MOT, kwenye gereji ya mtaani, na ndiyo hatua ninayoikumbuka kuliko zote. Pale kuna mahali pa mteja kusimama na kutazama. Magurudumu ya mbele yaliwekwa juu ya rola za chuma, rola zikaanza kuyazungusha, mpimaji akakanyaga breki. Kwenye skrini ukutani mishale miwili ikapanda, wa kushoto na wa kulia, pamoja, kama watu wawili wanaonyanyua sufuria moja. Halafu magurudumu ya nyuma. Halafu hendibreki. Hayo yote hayakuchukua hata dakika tano. Nilisimama pale nikiwaza kwamba dakika tano hizo ndizo zilizokuwa zinatafutiwa mtu.

Ba'mdogo hakutazama skrini. Alikuwa anatazama mguu wa mpimaji kwenye pedali.

Nilimwomba mpimaji anichapie kile kikaratasi cha mashine ya breki. Alishangaa, maana hakihitajiki popote, cheti kinatosha. Akanipa.

Nilijaza V55/5 kwa wino mweusi, kwenye meza ya kulia chakula, mama mdogo akiwa amekataza mtu kuweka hata kikombe cha chai karibu. Cheti cha IVA, MOT, bima, karatasi za Japani na tafsiri yake, vyote vikaenda Swansea. Nilirudi kwenye vitabu vyangu. Mwisho wa Januari bahasha ikarudi ikiwa na kadi ya gari, V5C, na juu yake namba yenye 16 katikati, kwa ajili ya mwaka 2016. Si Q. Ba'mdogo aliisoma kwa sauti herufi moja moja, kisha akaisoma tena kuanzia mwisho.

Ijumaa ile nilimpigia baba kama kawaida. Alijua habari za gari kijuujuu. Aliuliza kama limefika salama, kama linawaka vizuri asubuhi za baridi. Halafu, baada ya kimya, akauliza swali ambalo sikuwahi kumsikia akiuliza tangu nikiwa na miaka kumi na minne.

"Breki wamezipima?"

"Wamezipima, baba. Nilikuwepo. Niliona kwa macho yangu."

"Wamezipimaje?"

Nikachukua kile kikaratasi. Nikamweleza habari za rola na mishale miwili. Nikamsomea: breki ya mguu, asilimia 71. Hendibreki, asilimia 29. Tofauti ya kushoto na kulia, ndogo, haina neno. Imefaulu.

Alikuwa kimya kiasi kwamba nilitazama simu kama laini imekatika.

"Nisomee tena," alisema.

Nikasoma tena, polepole, namba moja baada ya nyingine. Sikumwambia kwamba najua. Bado sijui kama ni mimi ninayetakiwa kumwambia, na kuna msamaha ninaotaka kumwomba ambao siwezi kuuomba bila kueleza ni wa nini. Nimeuandika hapa kwanza.

"Ba'mdogo wako yupo hapo?" aliuliza.

Alikuwepo, upande wa pili wa meza, ametulia, pleti namba mbili mpya mbele yake, ya mbele nyeupe na ya nyuma ya manjano. Nilimpa simu. Aliishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo, kaka," alisema.

Nikachukua zile pleti na bisibisi, nikaufunga mlango wa jikoni nyuma yangu, nikatoka nje kuzifunga kwenye gari.